Mkufunzi Achukue Maikrofoni Lini?
(Mhadhara kwa wakufunzi wapya wa waongoza ndege)

Ndugu wakufunzi, habari za asubuhi. Wengi wenu mmeteuliwa kwa kuwa mnaongoza ndege vizuri, wakubwa wakaona basi na kufundisha mtaweza. Tutaona.

Mwanagenzi anapovaa hedseti na kuzungumza na marubani, sauti ni yake, leseni ni yako. Umekaa ubavuni pake, hedseti yako imechomekwa pamoja na yake, ukibonyeza swichi yako, sauti yako ndiyo inayokwenda hewani. Swali linalomsumbua kila mkufunzi ni moja: niibonyeze lini?

Nitawapa kisa cha Japan. Tarehe 31 Januari 2001, alasiri, katika kituo cha Tokyo, mwanagenzi alikuwa kwenye rada na mkufunzi wake yuko pembeni. Japan Airlines 907, Boeing 747 iliyotoka Haneda kwenda Naha, ilikuwa inapanda kuelekea futi 39,000. Japan Airlines 958, DC-10 iliyotoka Busan kwenda Narita, ilikuwa imetulia futi 37,000. Jumla ya watu 677. King'ora cha rada kikalia. Mwanagenzi akaamua 958 ishushwe, na ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini kilichomtoka mdomoni ni 907.

Sasa sikilizeni kwa makini. Rubani wa 907 alirudia maelekezo kama sheria inavyotaka, pamoja na namba yake: 907, nashuka hadi futi 35,000. Kosa lilirudishwa kwao waziwazi, kwa sauti, na wote wawili likawapita. Ndiyo maana huwa nasema sikio la mkufunzi liwe kwa rubani kuliko kwa mwanafunzi. Ukimsikiliza mwanafunzi, utasikia alichokusudia, kwa sababu na wewe ulikuwa unakitarajia. Rubani atakwambia alichosikia.

Sekunde chache baadaye mitambo ya TCAS, ile ya kuzuia ndege zisigongane, ndani ya ndege ikatoa amri: 907 panda, 958 shuka. Nahodha wa 907, aliyekwisha anza kushuka, akafuata sauti ya ardhini. Mwenzake akautii mtambo. Zote mbili zikawa zinashuka. Mwanagenzi akaiambia 958 ikate kulia, haikujibu. Hapo mkufunzi akachukua maikrofoni, akatoa amri kwa 957. Mia-tisa-hamsini-na-saba! Angani hapakuwa na ndege yenye namba hiyo.

Zilipishana kwa takriban mita 135, baada ya nahodha wa 907 kuiona nyingine kwa macho na kuiinamisha ndege yake kwa nguvu. Watu 100 waliumia, na toroli la vinywaji likarushwa hadi darini. Hakufa mtu. Mwaka uliofuata, juu ya Überlingen, Ujerumani, mkanganyiko kama huo wa TCAS na mwongoza ndege uliua watu 71, na baadaye ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ikaweka wazi kwamba amri ya mtambo ndiyo inayofuatwa.

Mahakama ya Tokyo iliwaachia huru wote wawili mwaka 2006. Mahakama ya juu zaidi ikawatia hatiani mwaka 2008: mwanagenzi miezi 12, mkufunzi miezi 18, vifungo vya nje, na rufaa ya mwisho ikagonga mwamba mwaka 2010. Mimi sipendi waongoza ndege kupelekwa mahakama ya jinai, maana watu huanza kuficha makosa. Lakini tazameni nani alipewa mingi.

Turudi kwenye swichi. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja noti 480, yaani maili 480 za baharini kwa saa, zinakaribiana maili 16 kwa dakika. Zile maili 5 zetu za kutenganisha, umbali wa chini tunaoruhusu kati ya ndege na ndege, zinaisha chini ya sekunde 20. Kutamka amri kunakula sekunde tano, rubani kurudia nyingine tano, na bado ndege haijaanza kugeuka. Anayesubiri king'ora ndipo achukue kazi anarithi tatizo lililoiva na mapigo ya moyo ya mwanafunzi juu yake. Hata mzoefu, hapo, ataita 957.

Kwa hiyo chukueni mapema, mkiwa bado na nafasi ya kukosea na kurekebisha. Msisubiri umbali upungue, mtazameni mtu mwenyewe. Ameanza kuongea haraka, anarudia kuuliza rubani namba, haandiki tena kwenye stripu, kile kikaratasi cha taarifa za kila ndege, macho yamegandia kona moja ya skrini wakati kona nyingine inajaa. Semeni neno moja mlilokubaliana tangu kabla ya zamu, "nimechukua", naye aondoe mkono. Kisha msianze kumfundisha pale pale. Maelezo yasubiri chumba cha mapumziko, kwa kuwa mkufunzi anayeeleza haoni rada.

Najua kuna watakaosema mwanafunzi anayenyang'anywa kila mara hatajiamini kamwe. Ni kweli, na ndiyo sababu tuna simyuleta, mtambo wa mazoezi wenye ndege za kuigiza. Kule mwacheni aende mpaka ndege zigongane, anywe maji, arudie tena.