Mafuta Yaliyokataa Kuachia Madaraka

KALENGA: Tuko hewani. Mado ana hasira, mmesikia alivyovuta kiti.

MADO: Yaya, mkubwa wangu, Alhamisi nilisimama pale sokoni Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, nikisubiri friti. Viazi vimeshatolewa, lakini povu limejaa kikaangoni, halishuki. Nikauliza, mama, mafuta haya ya lini? Akacheka tu.

KALENGA: Utawala wa miaka 32, kama wa Mobutu.

MADO: Njo ile! Tangu Jumatatu yako madarakani.

KALENGA: Eleza povu, watu watadhani ni uchafu tu.

MADO: Mafuta mapya yakipokea kiazi hutoa viputo vikubwa vinavyopasuka mara moja. Ni maji ya kiazi yanatoka kama mvuke. Yaliyochoka huwa mazito. Viputo vinakuwa vidogo, vinashikana, vinageuka povu. Tena yanatoa moshi mapema, na harufu kama rangi ya mlango. Usihukumu kwa rangi peke yake: mawese ni mekundu tangu kuzaliwa.

KALENGA: Ila wanajaliza kila asubuhi.

MADO: Kutia lita moja mpya juu ya tatu za zamani si kupindua serikali, ni kubadilisha mawaziri. Rais ni yuleyule, na mawaziri wapya wataharibika upesi.

KALENGA: (anacheka) Nani anayaharibu?

MADO: Moto, hewa, maji, chumvi, makombo. Kata viazi, visuuze mpaka maji yawe safi, vipanguse kwa kitambaa. Chumvi itie kwenye sahani, mbali na kikaango. Jioni mafuta yakipoa, yachuje, maana makombo yakilala humo kesho yanaungua. Na mbabula, lile jiko la makaa, haina kifungo cha moto: moshi ukianza, toa makala mawili matatu kwa koleo. Ulaya, sheria ya 2017 inataka friti zisipite 175°C, kwa sababu ya akrilamidi, ile kemikali inayoshukiwa kuleta kansa. Wasweden ndio walioionyesha kwenye viazi vya kukaanga, 2002.

KALENGA: Hapo njo nakukamata! Yale maduka makubwa ya hamburger unayoyalaumu kila wiki yana kipimajoto. Ufaransa, sehemu iliyoharibika ikipita 25% ya mafuta, ni kumwaga. Mama wa Kenya ana nini?

MADO: Ana kikaango chake mwenyewe. Mwaka 1948, San Bernardino, wale ndugu wawili wa McDonald's walipunguza vyakula, wakapanga jiko kama kiwanda: huyu anageuza nyama, yule friti tu, mwingine vinywaji. Kazi ya namna hiyo inafundishwa upesi, kwa hiyo mtu anafukuzwa upesi, na mshahara unabaki chini.

KALENGA: Mshipa wa moyo hauulizi kikaango ni cha nani.

MADO: Mimi nauliza.

KALENGA: Basi utauliza ukiwa kitandani.

MADO: Na wewe utakuwa umepanga foleni, unaomba kugeuza nyama saa nane kwa siku.

KALENGA: Bado sijasikia jibu la mafuta.

MADO: Na mimi la mshahara.

(Kimya.)

KALENGA: Mdogo wangu, tuliahidi masomo matatu. Soda, chumvi, na mafuta ya zamani yaende wapi.

MADO: Zimebaki dakika ngapi?

KALENGA: Moja na nusu.

MADO: Soda basi. Kopo la kola la mililita 330 lina sukari gramu 35. OMS, lile shirika la afya duniani, inapenda mtu mzima abaki karibu na 25 kwa siku nzima.

KALENGA: Chumvi?

MADO: Wiki ijayo.

KALENGA: Na mafuta ya zamani? Wengine wanayamwaga mferejini, yanaganda, mvua ikija maji yanakosa njia...

MADO: Yale hayamwagwi, yaya. Yanapandishwa ndege, yanaenda Maroko kama Mobutu.

KALENGA: Maroko! Zima, zima hiyo mashine.