Kasiksi ya Idjwi: pombe unaifuata kwake

NABINTU: Karibuni wasikilizaji wetu, leo miguu iko Bukavu lakini roho ingali Idjwi, kile kisiwa cha ziwa Kivu, hahaha. Bahati, anza.

BAHATI: Yaya, mi naanza na lawama. Watu wetu wakisikia pombe inayopikwa kidogo kidogo kwa mkono wanawaza Ubelgiji, wanawaza chupa yenye karatasi nzuri na bei ya kutisha, na huku kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iko ng'ambo ya maji, kila mama mpishi ana yake na hakuna mbili zinazofanana!

NABINTU: Safari kwanza, kuna wenye hawajafikaka kule.

BAHATI: Bato inaondoka asubuhi, unaacha La Botte, ile rasi ya Bukavu, nyuma yako, kushoto unaona mlima Kahuzi, mita 3,308, kama mawingu yamekuhurumia, na kisiwa kinakuja polepole, migomba mpaka chini kwenye maji. Mi sikupiga picha ata moja, nilikuwa nakula nanasi.

NABINTU: Ulikula zote. Sasa mimi kitu kilinishika ni ile kazi. Ndizi ya pombe inakatwa ingali mbichi, inatiwa ndani ya shimo lenye majani ya mgomba, wanaipasha na moto kidogo, wanafunika, siku kadhaa inaiva. Na fikirieni hii: bia ya shayiri au ya mtama lazima uoteshe nafaka kwanza ili ule wanga ugeuke sukari, si ndiyo? Ndizi ikiiva imeshajifanyia hiyo kazi yenyewe, mpishi anamenya tu, anaitupa ndani ya ile mbao kubwa iliyochongwa kama mtumbwi, anaikanda pamoja na majani makavu.

BAHATI: Majani nilifikiri ni ya usafi!

NABINTU: Hapana, majani yanashika nyama ya ndizi, maji matamu yanatoka peke yake. Ile njo mutobe, watoto wanakunywaka bila shida. Ukitaka ilevye unaongeza maji kidogo, unatia mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunika na majani ya mgomba, unaacha. Mtama njo unaleta chachu na ile rangi.

BAHATI: Na ule uchungu kidogo kwa nyuma ya ulimi. Bia ya kiwanda uchungu wake unatoka kwa maua ya hopsi, hapa ni mtama uliokaangwa.

NABINTU: Haya, tuonje kwa maneno. Weye ulipenda ipi?

BAHATI: Ya siku ya pili, bila kufikiri. Ya siku ya kwanza ingali tamu sana, inachemka mdomoni, utasema soda ya ndizi, unakunywa haraka kisha unasimama ndipo unajua ulikuwa unakunywa nini. Ya siku ya pili sukari imepungua, kuna moshi kidogo wa lile shimo, kuna ule mtama, na ukitia mrija ndani ya kibuyu ukakunywa na sambaza, vile visamaki vya ziwa, za kukaanga na pilipili… yaya, tusiendelee, tuko kazini.

NABINTU: Mi ya siku ya tatu. Ndiyo, ichekeni. Imeanza kuwa kali, chachu imeshinda utamu, wazee wale walinifahamu kabisa.

BAHATI: Ile ni siki!

NABINTU: Siki ni ya siku ya tano, hiyo ata mimi naacha. Na njo maana nasema kasiksi haisafiri. Ukiitia kwa bidoni uilete Bukavu, inachemka njiani, inafika imegeuka.

BAHATI: Hapo hatukubaliane. Rwanda urwagwa, pombe yao ya ndizi, inauzwa ndani ya chupa, kwa duka kabisa. Kwa nini sisi hapana?

NABINTU: Nimeionja. Wanaipasha moto ili chachu ife, basi inakaa mwezi na zaidi, lakini ile ya siku ya pili uliyosifu sasa hivi utaipata wapi? Imesimamishwa. Chupa inakupa siku moja tu, ile mwenye kiwanda alichagua.

BAHATI: Lakini mama mpishi angeuza mbali, yaya. Sasa anategemea watu wa bato na harusi tu.

NABINTU: Hilo nakubali. Na angalia, bia ya Primus ilikuwa inapikwa hapa hapa Bukavu, halafu 2025 vita ikafika, yale tunajua wote, na Heineken, wenye kiwanda, wakaondoa watu wao. Kasiksi haikungoja mtu.

BAHATI: Kiwanda pia kinafuata ziwa lakini! Kule Gisenyi, Rwanda, kiwanda cha bia cha Bralirwa walichemshia mitambo yao kwa gesi ya metani ya Kivu hii hii, tangu 1963.

NABINTU: Ndiyo, hiyo naipendaka. Ila adui wa kasiksi ni mnyauko wa migomba, ule ugonjwa uliingia Masisi, Kivu ya Kaskazini, 2001. Uliona yule mzee na mti wake wenye panda?

BAHATI: Nilifikiri anachuma maparachichi.

NABINTU: Anavunja lile ua la chini la mgomba, sababu wadudu wanaleta ugonjwa kupitia pale. Na hatumii panga, panga linabeba ugonjwa toka mgomba mmoja mpaka mwingine.

BAHATI: Basi shauri kwa mwenye anaenda: uliza imepikwa siku gani kabla ya kuuliza bei. Na uliza kama wametia sukari ya duka, maana wengine wanafanyaka hivyo ili iwahi.

NABINTU: Na maji walitoa wapi. Hilo usione haya kuuliza.

BAHATI: Na kula kwanza.

NABINTU: Kula kwanza, tena si nanasi.