Tangi la Samaki Wala Nyama Hupangwa Kuanzia Mdomoni

Ahsanteni sana, na ahsante mwenyekiti kwa utangulizi. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga tangi kubwa la maji ya chumvi kwa ajili ya samaki wala nyama. Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia kioo: kiwe na urefu gani, kikae ukuta upi, taa iwe ya rangi gani. Mimi nawaomba tuanze na mdomo wa samaki, kisha tukifuate chakula mpaka kinakotokea. Kioo tutakifikia tu.

Chewa hatafuni. Hupanua mdomo ghafla, maji yanaingia kwa kasi, na chochote kilichokuwa mbele yake kinaingia nayo. Kwa hiyo usiulize kama samaki fulani ni mkali. Uliza kama mwenzake anaenea mdomoni mwake. Mtazameni samaki simba, yule wa mapezi marefu na miiba ya sumu. Utamwona mpole, anaelea pembeni hana habari na mtu, lakini ana uwezo wa kummeza samaki anayefikia nusu ya urefu wake. Jioni uliacha samaki wadogo sita, asubuhi unakuta watano, naye yuko palepale, tumbo limetuna. Hakukuwa na ugomvi wowote.

Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, ana mambo yake. Ana taya jozi mbili. Mwaka 2007 watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright walieleza katika jarida la Nature jinsi taya za pili, zilizoko kooni, zinavyosogea mbele hadi kinywani, zikalinasa windo na kulirudisha nalo kooni. Ukimlisha kwa karibu utaliona hilo: anang'ata kipande cha ngisi, anatulia kidogo, kisha kipande kinaanza kuzama chenyewe kana kwamba kuna mtu anakivuta kutoka ndani. Macho yake hayaoni vizuri, pua ndiyo inayomwongoza. Kidole chenye harufu ya ngisi, kwake yeye, ni ngisi. Mlisheni kwa koleo refu, na mkono ubaki nje ya maji.

Kikande yeye ni fundi wa kubomoa. Hupuliza maji mchangani kufukua kaa, huhamisha mawe, hung'ata nyaya. Chochote chenye waya ndani ya tangi lake kiwekwe nje ya upeo wa meno yake. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, naye meno yake hayaachi kukua, kwa hiyo anahitaji chakula chenye magamba magumu, kaa na kome, la sivyo meno yanazidi mpaka anashindwa kula.

Baada ya mdomo, umri. Samaki hawa huuzwa wakiwa watoto, na hapo ndipo mipango mingi inapoharibikia. Chewa mweupe mwenye madoa meusi, Cromileptes altivelis, utamkuta ana urefu wa kidole, anaogelea kwa madaha, kila mtu anamtaka. Akikomaa anafika sentimita 70. Ndugu yake, Epinephelus lanceolatus, mtoto wake ni wa njano na nyeusi, mzuri ajabu. Mtu mzima anapita mita 2 na uzito wake unafika kilo 400. Huyo hana tangi la nyumbani duniani. Mkunga mkubwa, Gymnothorax javanicus, hufika mita 3. Lakini yuko mkunga mwingine, Echidna nebulosa, ambaye kwa kawaida huishia chini ya mita 1, meno yake butu, na chakula chake hasa ni kaa na kamba. Mtu akiniuliza aanze na mkunga gani, simtajii mwingine.

Papa je? Najua swali hilo linakuja. Chiloscyllium punctatum, papa anayelala chini na kutaga mayai, huzidi mita 1 kidogo, na ni miongoni mwa papa wachache wanaoweza kufikiriwa. Kufikiriwa, nasema. Anataka sakafu pana ya mchanga laini, na dawa za shaba hazivumilii, nazo ndizo dawa tunazozitegemea dhidi ya vimelea vya samaki wengine. Ushauri wangu kwa wengi wenu ni kumwacha.

Sasa tuchukue mfano wa tangi. Urefu sentimita 240, upana 120, kimo cha maji 70. Hizo ni lita 2,016, tuseme 2,000. Kwa nini upana 120? Kwa sababu chewa wa sentimita 60 lazima ageuke bila kujikunja. Kwa nini kimo 70 tu? Kwa sababu mkono wako ufike chini, na kwa sababu ya kioo. Kioo hakijali sana urefu wa tangi. Kinajali zaidi kimo cha maji. Kioo cha mbele cha tangi hili kinasukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Ongeza kimo mara mbili, nguvu hiyo inaongezeka mara nne. Ndiyo maana tangi refu kwenda juu lina gharama isiyolingana na faida yake, na samaki wala nyama wengi wala hawalitaki: wanataka sakafu.

Uzito nao tuuangalie. Maji ya bahari yana kilo 1.025 kwa lita, kwa hiyo maji peke yake ni zaidi ya tani 2. Weka kioo, mawe, mchanga na meza, unakaribia tani 3 juu ya eneo lisilofika mita za mraba 3. Sakafu za ghorofani za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Hapo hakuna mjadala: tangi linakaa chini, juu ya zege lililolala ardhini, au mhandisi anakuja kabla ya fundi vioo. Na tusidhani haya ni ya wasio na utaalamu tu. Tarehe 16 Desemba 2022 tangi la AquaDom, ndani ya hoteli mjini Berlin, lilipasuka alfajiri na kumwaga lita milioni 1. Watu wawili walijeruhiwa. Mchana, ukumbi ukiwa umejaa, tungekuwa tunasimulia mengine.

Kioo au akriliki? Akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, ni nyepesi, kiasi cha nusu ya uzito wa kioo, lakini huchubuka haraka. Mwenye kikande na bunju achukue kioo.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoipenda, ambayo wengi huiruka kwa sababu haina sura nzuri. Chukueni kalamu. Tuseme samaki wako wanakula gramu 600 za nyama ya samaki na ngisi kwa wiki. Karibu asilimia 17 ya nyama hiyo ni protini, yaani gramu 100 hivi, na asilimia 16 ya protini ni naitrojeni: gramu 16. Samaki akibakiza theluthi moja mwilini, gramu 11 hivi zinatoka, nyingi kupitia matamvua zikiwa amonia. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ndiyo inayobaki. Gramu 11 za naitrojeni huwa takriban gramu 48 za nitrati. Gawanya kwa lita 2,000: kila wiki maji yako yanapanda miligramu 24 kwa lita.

Utasema, nitabadilisha asilimia 20 ya maji kila wiki. Vizuri. Kwa mwendo huo nitrati itapanda mpaka ifike miligramu 120 kwa lita, na hapo ndipo kile unachotoa kitakapolingana na kile kinachoingia. Na ili ubaki hapo, ambapo si pazuri, unahitaji lita 400 za maji mapya kila wiki, yaani kilo 14 za chumvi, kwa gramu 35 kila lita. Piga hesabu ya mwaka mzima mwenyewe ukifika nyumbani, mwenza wako akiwa hasikii.

Ndiyo maana nasema bajeti ya tangi la namna hii iko chini ya meza. Skima, ile mashine inayopuliza viputo vidogo na kunasa uchafu kwenye povu, inyakue mabaki kabla hayajaoza. Nunueni iliyotengenezwa kwa tangi kubwa kuliko lenu. Mchanga wa kina au chombo maalumu ambamo bakteria wasiotumia oksijeni humalizia nitrati ni jambo la kupanga tangu mwanzo, siyo la kubandika baadaye. Na sampu, tangi la pili la chini, iwe kubwa. Umeme ukikatika, pampu inasimama na maji ya juu yanashuka. Sentimita 1 ya maji katika tangi letu ni lita 29 hivi. Yakishuka sentimita 5 tu, lita 144 zinahitaji mahali pa kwenda. Kama sampu haina nafasi hiyo, zitakwenda sebuleni.

Umeme ukikatika pia hewa inakatika. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 7 tu za oksijeni kwa lita, na samaki wakubwa walioshiba huzimaliza upesi. Pampu ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe, iwepo siku ya kwanza.

Kulisha nitasema kwa ufupi. Samaki mzima mla nyama hahitaji kula kila siku. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha wengi wao, na anayeombaomba kila ukipita asikudanganye. Kila siku ukimshibisha, ini linajaa mafuta. Samaki hai wa maji baridi msiwape: mafuta yao hayalingani na mahitaji ya samaki wa bahari, na wengine, kama samaki wa dhahabu, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Changanyeni: ngisi, kamba, kaa, kome, samaki wa bahari wa aina tofauti, na vitamini za kuongezea.

Kuhusu kuwaingiza, anayeonewa atangulie na mwonevu aje mwisho. Wakishazoea mipaka yao, mgeni akija, hamisheni mawe siku hiyohiyo ili wote waanze upya. Kila samaki apite karantini kwanza, wiki kadhaa, katika chombo chake, kwa sababu kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, kikishaingia kwenye tangi la lita 2,000 lenye mawe, kukiondoa ni kazi ya kuhamisha kila samaki. Mfuniko uwe mzito na usiwe na upenyo. Mkunga akipitisha kichwa, mwili wote umepita. Anayechomwa na mwiba wa samaki simba azamishe mkono kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 hivi, kwa sababu sumu ile huharibiwa na joto, kisha aende hospitali.

Na samaki akizidi tangi? Andikeni leo, kabla ya kumnunua, ni nani atakayempokea. Baharini hapana. Samaki simba ni wa bahari za Hindi na Pasifiki, lakini mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida, na sasa amejaa Karibi nzima akiwala samaki ambao hawakuwahi kujifunza kumwogopa. Wafugaji ndio wanaonyooshewa kidole, na haki iko kwao wanaonyoosha.

Nipo tayari kwa maswali. Tuanze na wale ambao samaki wameshawanunua na tangi bado, maana nyinyi ndio wenye haraka.