Mwanangu kaanza chuo, na matokeo yake si haki yangu tena

Habari zenu ndugu zangu. Leo mnisamehe kwa muonekano huu, nimetoka zamu ya usiku na sijalala. Lakini nikilala kwanza nitayapunguza, na mimi sitaki kuyapunguza. Kifungua mimba wangu ameanza chuo. Jana ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza darasani.

Tulimpeleka bwenini Alhamisi. Ya mizigo na foleni ya lifti niyaache, ila kuna kitu kimoja sikisahau. Walimpa kadi ya kufungulia mlango wa chumba. Akaigusisha, taa nyekundu. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nimpokonye nimfungulie, kama nilivyomfungulia kila kitu tangu azaliwe. Hakunipa. Akaigeuza, akaigusisha tena polepole, ikawaka kijani. Akaniambia, "Karibu mama." Nikajikuta nimesimama kizingitini kama mgeni anayengoja kuonyeshwa pa kukaa.

Mchana wazazi tukaitwa ukumbini. Hapo ndipo nilipoisikia sheria ambayo natamani kila mzazi mwenye mtoto anayekuja kusoma Marekani aijue mapema. Inaitwa FERPA, ni ya mwaka 1974. Mtoto akiwa shule ya msingi na sekondari, rekodi zake za masomo ni haki ya mzazi. Akitimiza miaka 18, au akiingia chuo akiwa na umri wowote, haki hiyo inahama, inakuwa yake. Binti yangu ana miaka 17. Sekondari nilikuwa nafungua tovuti ya shule na kuona mpaka zoezi ambalo hakulikusanya. Sasa alama zake, mahudhurio yake, hata kama amefeli, chuo hakina wajibu wa kuniambia.

Baba mmoja alisimama mbele yangu, sauti inatetemeka: "Ada nalipa mimi, matokeo nisiyaone?" Wakamjibu kwa upole. Mtoto anaweza kusaini fomu ya ridhaa, mzazi akaruhusiwa kuona. Chuo chenyewe kinaweza kumwambia mzazi kama afya au usalama wa mtoto uko hatarini. Na kama mtoto bado anahesabika kwenye kodi kuwa anategemea wazazi, chuo kinaweza kutoa taarifa, lakini hakilazimiki. Yule baba akakaa. Nilimwelewa mpaka mwisho, maana na mimi iliniuma. Mwaka mzima nimejifunza hesabu za vyuo vya huku: kwamba shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo unayosoma, kwamba muhula ukichukua 15 unamaliza kwa miaka minne, kwamba ukishuka chini ya 12 huhesabiki tena mwanafunzi wa muda wote na msaada wa ada unaweza kupungua. Yote nimeyakariri. Halafu naambiwa daftari si langu.

Jana jioni, navaa viatu niende kazini, simu ikaita. Ni yeye. Kwanza kimya. Kisha: "Mama, leo nimekaa kwenye darasa la watu."

Jumapili alikwenda kujifunza njia, akahesabu mpaka ngazi. Lakini jengo lina kumbi mbili zinazofanana. Saa mbili asubuhi akaingia, akakaa katikati ya safu, mhadhiri akaanza kuandika. Kemia ya mwaka wa pili. Yeye alitakiwa kuwa kwenye baiolojia ya utangulizi. Alijua ndani ya dakika tano, ila aliona haya kusimama mbele ya watu wote wale. Akakaa dakika 20 ananakili mambo asiyoyajua. Jirani yake akamchungulia daftari, akamnong'oneza, "Wewe ni mwaka wa kwanza?" Akaitikia kwa kichwa. Yule binti akavuta miguu ampishe, safu nzima nayo ikavuta, akapita.

Kwenye darasa lake viti vilivyobaki vilikuwa vya mbele kabisa. Akakaa hapohapo. Lakini hilo la viti silo lililonifanya niwashe kamera. Kipindi kilipoisha alimfuata mhadhiri akamwomba radhi kwa kuchelewa. Mhadhiri akamwambia njoo Jumatano saa nane mchana, uniulize ulichokosa.

Ndugu zangu, wahadhiri wa huku kila wiki wanatenga saa za kukaa ofisini wakingoja wanafunzi. Wameziandika kwenye silabasi tangu siku ya kwanza. Na watoto wetu wengi hawaendi! Hawaendi kwa sababu sisi tuliwalea wakijua kwamba ofisi ya mwalimu unaitwa ukiwa na kosa. Nami nilimlea hivyohivyo. "Usinifanye niitwe shuleni," nilimwambia mara ngapi? Kama mwanao anajiandaa kuja, mfundishe mapema kubisha hodi kwa mwalimu akiwa hana kosa lolote. Hilo litamfaa kuliko sanduku la nguo.

Nikamuuliza, utakwenda? Akasema, "Naogopa, ila nimeshaandika maswali matatu." Akanisomea. La tatu sikulielewa hata kidogo, nikamwambia ni zuri, na nilimaanisha, kwa jinsi alivyolisoma.

Ile fomu ya ridhaa hajaisaini. Alhamisi nilikuwa nimepanga kumwomba. Jana nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza, kwa sababu yale ya darasa la kemia hakuna sheria iliyomlazimisha anieleze. Alipiga mwenyewe.

Jumatano nimebadilishana zamu na mwenzangu. Sitampigia. Nitakuwa hapahapa jikoni kuanzia saa nane, simu ina mlio.