Sauti Inapoachana na Mdomo: Tuokoe Video ya Mradi wa Chuo

Mbukwenyi wadau! Karibuni tena, nipo hapahapa Dodoma. Leo tunahariri mradi wa wanafunzi, filamu fupi ya dakika 12 kuhusu wakulima wa zabibu wa Mpunguzi. Wenyewe wameniruhusu niitumie kufundishia, nawashukuru sana, maana kazi ni nzuri: mikono inapogoa, vumbi, ule mwanga wa asubuhi. Ila ina ugonjwa ambao nauona kila msimu wa kukusanya miradi, na leo tunautibu.

Kuunda mradi mpya na kuingiza klipu mnajua, narukia. Neno moja tu: klipu zote ziwe kwenye folda moja ndani ya laptopu kabla hujaziingiza. Ukihariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi, siku ukiichomoa programu itakwambia faili halionekani.

Sasa tazama hapa mwanzoni. Mama anaongea, mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Naruka hadi dakika ya 9... sikiliza... umeona? Mdomo umeshafunga, sauti bado inasema "tunavuna mara mbili kwa mwaka". Ngoja nirudie. Umeona?

Wengi wakifika hapo wanakata sauti na kuivuta nyuma kidogo. Inakaa sawa, halafu mbele kidogo inaachana tena. Utavuta mpaka asubuhi, ndugu yangu. Ugonjwa uko kwenye picha. Simu nyingi hazipigi fremu, yaani zile picha mojamoja zinazounda video, kwa kasi moja. Mama alikuwa juani, simu ikapiga fremu 30 kwa sekunde. Akaingia kivulini, simu ikapunguza ili ipate mwanga wa kutosha. Sauti yenyewe haikupunguza kitu. Programu ikizihesabu zote kama fremu 30 kamili, picha inamaliza mapema. Tofauti ya asilimia 1 tu, kwenye mahojiano ya dakika 10, ni sekunde 6!

Dawa ni programu ya bure inaitwa HandBrake, inageuza klipu iwe na fremu za kasi moja. Buruta klipu uiweke humo, nenda sehemu ya Video. Hapa ndipo pa kutulia. Palipoandikwa Framerate, chagua 30 kama simu ilipiga 30, au 25 kama ilipiga 25. Usigeuze 30 kuwa 25, mtu akitembea ataonekana anarukaruka. Chini yake kuna vitufe viwili. Kimoja ni Peak Framerate, na mara nyingi ndicho utakikuta kimeshachaguliwa. Hicho hakitibu! Bonyeza Constant Framerate. Narudia, Constant. Ubora mimi naweka 18, namba ikipungua ubora unapanda na faili linanenepa. Sampuli za sauti (Samplerate) ziwe 48 kHz.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: geuza KABLA ya kukata. Ukigeuza baada ya kukata, sehemu ulizokata hazitaangukia pale pale, na kazi ya wiki nzima utaianza upya. Kwanza geuza, ndipo ukate. Kama unahariri kwa programu ya Shotcut, yenyewe hukupa taarifa ukiweka klipu ya aina hii na kujitolea kuigeuza. Isome ile taarifa, usiifunge tu.

Haya, nabonyeza Start...

Eeh, umeme umekatika. Subirini nisogeze kamera dirishani. Hapo. Mnaniona? Laptopu inakwenda kwa betri, lakini HandBrake inakula betri vibaya mno, kwa hiyo nabonyeza Pause. Ni vizuri mmeliona hili. Faili la MP4 likikatikia katikati, mara nyingi halifunguki kabisa, kwa sababu orodha ya kilichomo huandikwa mwishoni. Ikisimamishwa kwa Pause haidhuriki, mradi laptopu isizime. Na ule mradi wako wa kuhariri, weka ujihifadhi wenyewe kila baada ya dakika chache. Usiseme nitaweka kesho.

Mnausikia huo upepo kwenye bati? Ndio Dodoma yetu. Kwenye filamu ya wanafunzi umo pia, ule mngurumo wa chini. Chukua kichujio kinachokata sauti nzito, kiweke kwenye Hz 80 au 100, taratibu, huku umevaa hedifoni. Sauti ya mama ikianza kuwa nyembamba kama ya redio ndogo, rudi. Lakini upepo ukishapiga kinasasauti mpaka sauti ikapasuka, hakuna kichujio kitakachoirudisha. Sponji la kufunika kinasasauti ni bei ndogo, jamani. Nunueni.

Umeme umerudi! Resume. ... Imeisha. Naweka klipu mpya, narudi dakika ya 9. "Tunavuna mara mbili kwa mwaka." Tazama midomo! Hapa nafurahi kila mara, siwezi kuficha. Mama wa watu sasa anaongea kwa sauti yake.

Kukata na kuweka majina mnaendelea wenyewe. Wakati wa kutoa video: ukubwa wa picha 1080, aina ya kubana video H.264, fremu zilezile 30. Flashi ikikataa faili lenye zaidi ya GB 4 na nafasi ipo, imefomatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili. Hamisha vyako, ifomati upya kwa exFAT. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama video ya kawaida mwalimu atapata picha iliyofifia.

Kabla ya kukabidhi, fungua dakika ya mwisho kwanza, kwa sababu mwanzoni hata video mbovu huonekana nzima. Ikigoma, niandikie hapo chini aina ya simu, programu unayotumia na dakika ambayo sauti inaanza kuachana. Nitajibu jioni.