"Nibebee kilo moja tu": kabla hujampa mtu wa ughaibuni mzigo

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, mambo vipi? Leo nazungumzia mzigo, maana Desemba watu wanakuja nyumbani, Januari wanaondoka, na kila mwaka kuna ndugu wananuniana kwa ajili ya mfuko wa dagaa.

Watu wengi wanaona begi kubwa, wanajua nafasi ipo. Begi la ndege linajaa kwa kilo. Tiketi nyingi za daraja la kawaida zinatoa kilo 23 kwa kila begi. Sanduku gumu kubwa, likiwa tupu kabisa, lina kama kilo 4. Zimebaki 19. Weka pakiti mbili za sembe za kilo mbili mbili, zimebaki 15, na huyo msafiri bado hajaweka hata viatu. Sasa waje watu kumi, kila mmoja na kilo moja yake. Na kilo moja ya mdomoni ikipanda mzanini mara nyingi ni moja na nusu, kwa sababu aliyeitaja hakuhesabu kopo, chupa wala selotepu.

Mzigo ukizidi, mambo yanaharibikia kaunta. Msafiri anaambiwa apunguze au alipie. Anapiga magoti sakafuni, foleni nzima inamtazama, nguo za ndani ziko nje. Kinachotolewa kwanza ni mzigo wa watu, ule uliokuja mwisho na kuwekwa juu. Unaachiwa dereva aliyemsindikiza. Wiki mbili baadaye unasikia, "Fulani alikataa kunibebea, siku hizi anaringa."

Lakini linaloumiza zaidi ni hili la kufungua. Mtu analeta furushi limezungushiwa selotepu kama maiti ya sanda. Akiombwa lifunguliwe anang'aka: "Kwani huniamini?" Jamani, uwanjani wanauliza: begi hili umefunga mwenyewe? Kibandiko kina jina la msafiri, na kikionekana kitu, anayeitwa chumbani ni yeye. Shangazi hayupo pale kujieleza.

Wala si lazima mtumaji awe na nia mbaya. Miraa Kenya ni zao halali la mkulima, ila Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014, na kukutwa nayo ni kosa la dawa za kulevya. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinahitaji kibali kuingia nazo Falme za Kiarabu, hata kama zilitoka hospitali. Samli na nyama ya kukausha haziruhusiwi kuingia Uingereza kutoka kwetu. Dagaa na samaki wakavu wanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani. Unga wa mlonge ndani ya chupa ya maji isiyo na lebo unamfanya mkaguzi asimamishe begi zima. Kwa hiyo leta mzigo ukiwa wazi, ufungiwe mbele ya macho ya wote wawili. Huo ndio msaada.

Dhana nyingine: "Si yuko Uingereza? Atampelekea tu." Kutoka London hadi Manchester ni zaidi ya kilomita 300, Dar hadi Morogoro hazifiki 200. Mpokeaji akiwa mji mwingine, kuna gharama ya posta kwa pauni. Sema mapema nani analipa.

Kwa wanaoagiza vitu kutoka ughaibuni, simu ndiyo inayoleta ugomvi. iPhone zinazouzwa Marekani, kuanzia iPhone 14, hazina tundu la kuweka laini. Simu nyingine zimefungwa kwa mtandao mmoja, zikifika nyumbani hazisomi laini yako. Ulizia hayo kabla pesa haijatoka. Pawabenki nayo haiingii kwenye begi la chini ya ndege, inakaa mkononi, na mkononi mashirika mengi yanatoa kilo 7 tu. Chukua mAh, ile namba ya ujazo wa chaji iliyoandikwa juu yake, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000, unapata wati-saa (Wh), ambazo ndizo shirika linaangalia: ya 20,000 inatoa Wh 74, inapita. Ya 30,000 inatoa Wh 111, imevuka 100, inahitaji ruhusa ya shirika.

Basi ukitaka kuomba, omba hivi: "Naomba unibebee dagaa, nimepima gramu 800 na mfuko wake, atapokea dada yangu Birmingham, atakufuata mwenyewe. Ikishindikana, niambie tu." Tuma ujumbe huo wiki moja kabla, mzigo ufike siku tatu kabla ya safari. Usije nao uwanjani. Dagaa wakaushwe vizuri, wafungwe mifuko miwili yenye zipu, na hewa yote itolewe, vinginevyo harufu inahamia kwenye nguo za mwenye begi na haitoki kwa kufua mara moja.

Nawe msafiri, nunua mzani wa kuning'iniza, pima usiku wa kuamkia safari, uishie kilo 22. Mzani wako na wa uwanjani hausomi sawa.