Kurudi 1928 Bila Mashine: Sheria ya Ukuta Katika Death of a Salesman

Ndugu waongozaji, waigizaji na wanafunzi wa sanaa za maonyesho, karibuni.

Tamthilia inayomrudisha mtu nyuma miaka 15 au 20 hufa au hupona katika dakika za mwanzo. Humo ndimo mtazamaji anapopaswa kupewa jibu la swali moja: nitajuaje kwamba sasa tuko zamani? Akishalipata, atawafuata kokote. Akilikosa, atakaa akijiuliza tuko wapi, na anayejiuliza hivyo hasikii tena maneno.

Leo tutaitazama kazi moja iliyolijibu swali hilo vizuri kuliko nyingi ninazozijua. Death of a Salesman ya Arthur Miller ilifunguliwa New York, katika ukumbi wa Morosco, tarehe 10 Februari 1949. Mwongozaji alikuwa Elia Kazan. Mandhari na taa vilikuwa vya Jo Mielziner. Mhusika mkuu, Willy Loman, ana miaka 63. Ni mwuzaji anayezunguka miji na masanduku ya sampuli. Amechoka, na katika muda wa kama siku nzima akili yake inakwenda 1928 na kurudi, mara kwa mara. Hapo mwanzo Miller aliipa kazi hii jina lenye maana ya "ndani ya kichwa chake", akiwaza uso mkubwa wenye kimo cha fremu ya jukwaa unaofunguka tukaona yaliyomo. Uso huo haukujengwa, lakini wazo lilibaki: anayesafiri ni Willy. Nyumba haiondoki. Meza ya jikoni haiondoki.

Sheria yenyewe iko kwenye maelekezo ya jukwaani. Kuta za nyumba ni za kudhaniwa tu. Tukiwa katika wakati uliopo, waigizaji wanaziheshimu na kuingia kwa mlango wa kushoto. Tukiwa zamani, wanazipenya na kutokea sehemu ya mbele ya jukwaa. Basi. Hakuna msimulizi wa kututangazia mwaka.

Sheria rahisi namna hii inavunjika kirahisi vilevile. Bandikeni utepe sakafuni kwa kila ukuta na kila mlango tangu siku ya kwanza ya mazoezi ya kusimama. Mkisubiri wiki ya mwisho, miguu imeshazoea njia ya mkato, na siku ya onyesho mwigizaji atapita juu ya ukuta kuwahi kiti chake. Mtazamaji hatatambua kosa ni lipi, lakini Willy atakapoupenya ukuta ule baadaye, tendo hilo halitakuwa na uzito wowote.

Sasa tuingie jikoni usiku, kwenye mchezo wa karata. Charley, jirani wa Willy, amekuja na kanzu ya kulalia. Wanacheza. Katikati ya mchezo anatokea Ben, kaka yake Willy aliyekwisha kufa, na sanduku na mwavuli mkononi. Willy anawajibu wote wawili. Charley anasikia nusu ya mazungumzo tu, na anashtuka kuitwa Ben. Wanagombana juu ya karata, Charley anaondoka, Willy anamfungia mlango kwa kishindo. Papo hapo anageuka na kupenya mstari wa ukuta kumwendea Ben. Mlango, kisha ukuta: sheria zote mbili kwa pumzi moja.

Mzigo wa onyesho hili anaubeba Charley. Macho yake yakimgusa Ben hata mara moja, Ben anageuka mzimu ambao kila mtu anaweza kumwona, na kumbukumbu imekwisha. Mfanyisheni Charley mazoezi ya peke yake na Willy kwanza, bila Ben kuwapo, mpaka kila karata iwe na neno lake. Ben aingizwe baadaye, akae nyuma ya bega la Charley, asimpite mbele. Willy naye asigeuze kichwa kizima kila anapomjibu Ben. Macho kuinuka kidogo juu ya karata yanatosha.

Kuhusu taa: msizime zote. Giza humwambia mtazamaji kwamba tendo limekwisha, naye anapumua, anakohoa, anaongea na jirani. Miller anataka majengo ya ghorofa yaliyoizunguka nyumba yafifie huku majani yakiifunika, na muziki ukijipenyeza. Mielziner aliyachora majengo kwenye kitambaa kinachopitisha mwanga, kikiangazwa kwa nyuma. Mwanga wa nyuma ukipungua, mji unatoweka. Majani aliyarusha kwa projekta. Ukumbi wenu ukiwa na taa chache, nunueni kitambaa kabla ya kutafuta taa zaidi. Mwanga wa zamani uanze kupanda kabla ule wa sasa haujafika chini.

Maleba yasiwachoshe. Linda, mke wa Willy, katika matukio ya zamani anaingia na utepe kwenye nywele na kapu la nguo, yatosha.

Wana wa Willy ndio waliomtesa Mielziner. Biff na Happy, sasa watu wazima, wamelala chumba cha juu, tunawaona, na punde watatokea chini wakiwa vijana. Alielekeza vichwa vya vitanda kwa watazamaji, akatengeneza mito ya karatasi ngumu yenye shimo la kuficha kichwa, akayakausha mablanketi yasibonyee, kisha akawashusha waigizaji kwa lifti ndani ya vitanda. Watazamaji waliendelea kuona watu waliolala. Pasipo lifti, miguu ya kitanda iwekwe kwenye mwanya wa pazia la nyuma, mwigizaji atambae kutokea huko. Blanketi likaziwe fremu ya waya, la sivyo litalala chapa na siri itafichuka.

Na kila safari iwe na kichochezi. Linda anatia viraka soksi zake. Mwanamke wa Boston, mpenzi wa siri wa Willy aliyepewa naye soksi mpya, anacheka gizani. Kicheko hicho kisikike Linda akiwa bado anaonekana. Kikichelewa sekunde chache tu, mtazamaji ataona matukio mawili yasiyojuana, na hatia ya Willy, ambayo ndiyo inayomvuta nyuma, haitamfikia.